Mnasihi mwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu: nibaki kambini Kasulu au nihamie shule ya Tabora?

BintiWaHeru
Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu. Nina shahada ya ustawi wa jamii, na tangu nihitimu ninafanya unasihi kwa shirika linalohudumia wakimbizi katika kambi iliyopo wilayani Kasulu. Kutwa nzima ninawasikiliza watu waliofiwa, waliobakwa na waliopotezana na watoto wao njiani, kisha jioni ninaandika taarifa ambazo hutiwa saini na mtu mwingine. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu na mshahara haujawahi kupanda. Sasa shule moja binafsi ya bweni mjini Tabora imeniita niwe mnasihi wa wanafunzi, kwa mshahara mdogo zaidi lakini pamoja na nyumba. Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mngekuwa ninyi mngechagua nini?

HesabuKwanza
Dada, hatuwezi kulinganisha vitu ambavyo hujavitaja. Mshahara ni kiasi gani kila upande, na ni kabla au baada ya makato? Unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu? Mkataba wa shule ni wa muda gani, na hapo Kasulu unalipa kodi ya nyumba?

BintiWaHeru
Samahani kwa kuwaacha gizani. Kambini ni 600,000 kabla ya makato, na shule imesema 450,000 kwa mkataba wa miaka miwili, ikiwa ni pamoja na nyumba ya vyumba viwili, maji na umeme. Mkopo bado nadaiwa. Hapa nimepanga chumba cha 60,000.

HesabuKwanza
Ahsante. Kwenye 600,000 toa 60,000 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), toa 24,000 ya PAYE (kodi ya mshahara), toa 90,000 ya Bodi ya Mikopo ambayo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Unabaki na 426,000, na ukishalipa chumba ni 366,000. Kwenye 450,000 makato ni 45,000, 10,800 na 67,500, hivyo unabaki na 326,700. Tofauti unayoiona mfukoni ni 39,300 na si 150,000, tena sijahesabu umeme.

MwalimuUrambo
Hesabu ni sahihi, lakini uliza kazi yenyewe ni ipi. Katika shule nyingi unasihi hukabidhiwa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vyake, na shule inapomwajiri mnasihi kamili, mara nyingi humgeuza kuwa matroni, msimamizi wa mitihani na mjumbe wa kamati ya nidhamu. Mnasihi akishakaa kwenye kamati ya nidhamu, hakuna mwanafunzi atakayemfungulia moyo. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu mahitaji ni makubwa: tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ulioruhusu wanafunzi walioacha shule kurudi, wakiwemo wasichana waliojifungua, nimewaona mabinti wakirudi darasani bila mtu wa kuwasikiliza. Dai orodha ya majukumu kwa maandishi, na ndani yake liwemo sharti kwamba siri ya mwanafunzi haitadaiwa na mkuu wa shule isipokuwa pale maisha au usalama wa mtoto unapokuwa hatarini.

Mnyamwezi_Ipuli
Naomba nieleze yaliyonipata, huenda yakamsaidia. Niliajiriwa na kituo kimoja cha huduma za vijana hapa Tabora kama mshauri nasaha. Niliambiwa barua ya ajira itatolewa baada ya kipindi cha majaribio, na kipindi hicho kikawa kinasogezwa mbele bila maelezo. Asubuhi nilikaa mapokezi, mchana nilijaza madaftari, na wateja niliwaona katika chumba kilichogawanywa kwa pazia, kiasi kwamba aliyekuwa akisubiri nje alisikia kila neno. Binti mmoja alinyamaza katikati ya maelezo yake, akaondoka na hakurudi tena; hilo linaniuma kuliko mshahara. Fedha za msaada kutoka Marekani ziliposimamishwa mapema mwaka 2025, tuliambiwa tuendelee kufika kazini kwa moyo wa kujitolea huku malipo yakitafutwa, na malipo hayakuja. Nilikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ambako madai ya mshahara yana ukomo wa siku 60 na ya kuachishwa kazi isivyo haki siku 30, nami niliwahi. Mwajiri alidai kwamba nilikuwa mtu wa kujitolea tangu mwanzo. Kilichoniokoa ni kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: mwajiri asipoonyesha maelezo ya kazi kwa maandishi, mzigo wa uthibitisho unamwangukia yeye. Tulipatana alipe sehemu ya deni. Dada, usikanyage Tabora bila karatasi yenye saini.

MzeeWaUjiji
Wanangu, mmezungumza fedha tu. Kazi ya kuwafariji watu ni wito, na kijana anayeanza anapaswa kuvumilia kwanza. Mvumilivu hula mbivu.

DadaKibondo
Shikamoo mzee wangu. Naheshimu kauli yako, lakini wito haulipi kodi ya chumba, na sijasikia daktari akiambiwa apokee nusu kwa sababu ameitwa. Wanasihi tunalipwa kidogo kwa kuwa wanaotuajiri wanaamini kwamba kazi yetu ni kuongea tu. Chukulia lugha: Muha kama huyu binti anamsikiliza mkimbizi Mrundi bila mkalimani, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana, na mteja husimulia mambo ambayo asingeyasema mbele ya mtu wa tatu. Ujuzi huo hauonekani popote kwenye mshahara wake. Hata hivyo, sitamshauri aitegemee kambi. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021 na wakazi wake wakahamishiwa kambi ya Nduta, na mikataba mingi ya wafanyakazi ikaisha nayo.

MzeeWaUjiji
Marahaba mwanangu. Sikusema apunjwe, nimesema asiwaache wale watu ghafla. Nani atawasikiliza akiondoka?

MwalimuUrambo
Mzee, swali hilo linamhusu mwajiri wake. Na hizo taarifa za jioni, dada, zinaingia kwenye saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki? Zikizidi, sheria inataka malipo ya mara moja na nusu.

BintiWaHeru
Haziingii, na hakuna anayezihesabu. Swali la mzee limenikosesha usingizi, kwa sababu wapo wateja ambao ndiyo kwanza wameanza kuzungumza. Nimewaandikia shule kuomba orodha ya majukumu na chumba chenye mlango unaofungika. Bado hawajajibu.

HesabuKwanza
Na nyumba? Imeandikwa ndani ya mkataba, au mpaka sasa ni ahadi ya mdomo?