Hema la mwinuko au barakoa: kipi kitamsaidia anayekata pumzi raundi ya tatu?

KonaNyekundu
Wakuu, naomba ushauri wa waliojaribu wenyewe, si wa kusimuliwa. Napigana kikiboksingi ya ridhaa, raundi tatu za dakika mbili. Ya kwanza niko moto, ya pili najikongoja, ya tatu mikono inakuwa mizito kama nimebeba mawe. Ngumi naiona inakuja na gadi, yaani mikono ya kujikinga, haipandi. Nina pambano baada ya wiki sita. Mwenzangu mmoja ana ile barakoa ya valvu na anaapa ni sawa na kufanya mazoezi mlimani. Mwingine yuko tayari kuniazima hema la kulalia lenye mashine ya kupunguza oksijeni. Usingizi wangu ni masaa saba, zaidi ya hapo kazi hairuhusu. Nianze na kipi?

NgumiYaKushoto
Barakoa nimeivaa miezi minne mkuu. Nilichopata ni alama za mkanda mashavuni.

MzeeWaPedi
KonaNyekundu, tuanze na barakoa ili tuiweke pembeni. Ile inabana njia ya hewa tu. Hewa unayovuta ni ileile, oksijeni karibu asilimia 21, ila unaivuta kwa tabu na unarudia sehemu ya pumzi uliyotoa. Misuli ya kupumulia inaweza kupata zoezi kidogo. Ila mlima sio huo. Mlimani kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ndiyo maana kila pumzi inakupa oksijeni kidogo. Hema linaigiza hilo kwa njia nyingine: mashine inachuja oksijeni mpaka ibaki kama asilimia 15 na nusu, sawa na kulala kwenye mita 2,500 hivi.

Nimelala humo mwezi mzima nilipokuwa bado napigana, kwa hiyo nakwambia nilichokiona. Usiku wa kwanza kwa pupa niliweka mita 3,000. Niliamka kichwa kinagonga, mapigo ya moyo yako juu, na sparingi ya asubuhi, yaani pambano la mazoezi, niliokolewa na kengele. Mashine inanguruma usiku kucha, ndani kuna joto. Mke wangu alihamia chumba kingine siku ya tatu, na sikumlaumu.

Sasa hesabu. Figo zikihisi oksijeni imepungua zinatoa homoni ya EPO, nayo inausukuma uboho utengeneze chembe nyekundu. Kazi hiyo inataka muda. Makadirio yanayotumiwa na wengi ni kwamba himoglobini yote mwilini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, huongezeka kama asilimia 1 kwa kila masaa 100 ya kukaa juu. Wanaofanya hivi kwa dhati hukaa masaa 12 au zaidi kwa siku, wiki tatu hadi nne. Wewe kwa masaa saba, siku 28, una masaa 196. Ukibahatika sana utapata asilimia 2, tena kwa kulipia na usingizi mbovu. Mimi nisingekubali biashara hiyo.

Halafu jiulize raundi ya tatu inakufa kwa nini. Wengi ninaowashikia pedi wanakufa kwa sababu raundi ya kwanza wanapiga kila ngumi kwa nguvu zote huku wamebana pumzi. Hapo hata ukiongezewa damu hutoboi.

KonaNyekundu
Hahaha, mzee umenichungulia dirishani. Kubana pumzi ni mimi kabisa. Lakini mbona Velasquez, aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu wa mapigano mseto ya UFC, alizidiwa pale Mexico City? Si mwinuko ule?

MzeeWaPedi
Ule ni mwinuko kweli, na pambano lilikuwa hukohuko. Juni 2015, mji uko mita 2,240. Mpinzani wake, Werdum, alitangulia mapema zaidi kuuzoesha mwili, Velasquez akaenda wiki mbili hivi kabla, na raundi ya tatu akakabwa shingo kwa kabali ya gilotini. Anayekwenda kupigana juu lazima aujue mwinuko. Wewe unapigana chini.

Kama mashine ipo na inakuwasha mikono, iunganishe na kinyago chake badala ya hema. Mara mbili kwa wiki, baiskeli au begi la kupigia ngumi: sekunde 8 kwa nguvu zote, pumzika 20, rudia mara sita, kisha pumziko refu na seti nyingine. Kuna tafiti zilizoona uwezo wa kurudia milipuko ya nguvu unaongezeka kuliko kwenye hewa ya kawaida, nyingine hazikuona tofauti. Ila sparingi na ufundi usivifanyie humo. Kasi inashuka, na mwili utazoea kupiga polepole.

DadaTatami
Naongezea kutoka judo. Kabla ya yote pima feritini. Kama akiba ya madini ya chuma iko chini, mwili hauna cha kutengenezea himoglobini, hema litakuwa kitanda chenye kelele tu. Vidonge vya chuma usijinunulie bila kupima, vikizidi vina madhara. Na kama umerithi selimundu hata kwa mzazi mmoja, muone daktari kwanza, maana oksijeni ikipungua bandama inaweza kuumia. Jingine: wiki ya kupunguza uzito zima mashine. Hewa nyepesi inakata hamu ya kula na kukausha maji mwilini, na wewe tayari unajikausha kwa ajili ya mizani. Nilichanganya vyote viwili mara moja. Nilifikia uzito, kisha nikashindwa kufunga mkanda wangu mwenyewe kwa kutetemeka.

KonaNyekundu
Nimerudi na majibu. Feritini ilikuwa chini, daktari ameshanianzishia dawa. Selimundu sina. Hema sikulichukua. Jana kwenye pedi kocha alinilazimisha nitoe sauti kila ngumi ili nisibane pumzi. Nilionekana kichekesho, ila raundi ya tatu gadi ilikuwa bado iko juu.

NgumiYaKushoto
Barakoa yangu ipo, kama kuna anayeitaka bure.