MJADALA: Ukiambiwa "thairoidi iko sawa" na bado unaumwa, uishie hapo?

Mleta mada:

Wakuu, habari zenu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linagusa wanawake wengi wa nyumba zetu. Daktari akipima TSH peke yake, kipimo cha damu cha kuchunguza thairoidi, ikaja ndani ya kiwango, ana haki ya kufunga faili na kusema tezi hiyo ya shingo haina tatizo? Mimi nasema hapana.

Dada yangu alijifungua mtoto wa tatu akavuja damu hadi akazimia. Aliongezewa chupa nne. Akarudi nyumbani na mtoto mzima, tukashukuru Mungu, ila maziwa hayakutoka hata tone. Mama alimpikia uji wa pilipili manga, mtori, supu ya samaki, wapi. Tukanunua ya kopo. Hedhi nayo haikurudi. Shangazi akasema ni kawaida ya mzazi, na hakuna aliyekumbuka kwamba mzazi huyu hanyonyeshi.

Miaka sita ikapita hivyo. Januari ya Dar es Salaam, sisi tunalala na feni juu ya vichwa, yeye amevaa sweta na soksi. Sauti ikawa nzito, choo siku nne ndiyo apate. Siku moja nilimkuta jikoni amelala amekaa, kisu mkononi, kiazi kimemenywa nusu. Alipimwa malaria, taifodi, sukari, presha. Akapewa dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo. Mwishowe akapimwa TSH, ikaja 2.1, na kiwango cha maabara ile ni 0.4 hadi 4.0. Daktari akapiga mstari chini ya neno "kawaida" na kumwambia apunguze mawazo. Akakaa na karatasi ile miaka miwili, na kila alipolalamika tulimwonyesha.

Daktari aliyeujua ugonjwa hakuanza na karatasi. Alimuuliza, "Mtoto wa mwisho ulimnyonyesha?" Kisha akamuuliza kama bado ananyoa kwapa. Dada akasema ana miaka hajashika wembe, nywele hazioti. Ndipo akapimwa FT4, yaani homoni yenyewe inayotoka kwenye tezi. Ilikuja 5, wakati kiwango kinaanzia 12.

TSH haitoki shingoni. Inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikichoka yenyewe, pituitari hupaza sauti na TSH hupanda, kwa hiyo kipimo kinamkamata mgonjwa. Ila kwa dada yangu aliyeumia ni mwenye kuamrisha. Wakati wa ujauzito pituitari hukua lakini njia zake za damu haziongezeki kwa kiasi hicho. Mama akivuja damu nyingi, sehemu yake hufa. Harold Sheehan, daktari aliyekuwa Glasgow, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937 na unaitwa kwa jina lake. TSH ya mgonjwa kama huyu inaweza kuwa chini, inaweza kuwa ndani ya kiwango kabisa, kwa sababu inayotoka ni hafifu, ipo kwenye damu lakini haina nguvu ya kuiamsha tezi.

Kwetu ambako kina mama bado wanavuja damu wakati wa kujifungua, wangapi wanatembea na karatasi ya "kawaida"? Karibuni.

Mtu wa maabara:

Pole sana kwa dada. Ila naomba kutofautiana na mleta mada kidogo. TSH ni kipimo kizuri mno. FT4 ikishuka kidogo tu, TSH hupanda kwa kishindo, ndiyo maana inatangulia kuonyesha tatizo kabla ya vingine. Tukianza kupima kila kitu kwa kila mtu, mgonjwa anayejilipia mfukoni ataumia.

Shida ninayoiona dirishani ni fomu. Inakuja imeandikwa "thairoidi", basi. Hakuna umri wa mimba, hakuna "alivuja damu", hakuna dawa anazotumia. Na hili la dawa niliseme kwa nguvu: akina dada wanaomeza bayotini, ile vitamini ya nywele na kucha, tafadhali semeni kabla ya kutolewa damu. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuwa bayotini inavuruga vipimo kadhaa vya maabara. Kwa mashine nyingi inaishusha TSH kwa uongo na kuipandisha FT4 kwa uongo. Mtu ambaye TSH yake ilipaswa kuonekana imepanda anaweza kutoka na jibu zuri, na mimi niliye kwenye mashine sina namna ya kujua.

Tabibu wa zahanati:

Mimi kichwa cha mada kinanitia wasiwasi. Kuna watu watasoma hapa, kesho waende duka la dawa kununua thairoksini, yaani vidonge vya homoni ya thairoidi, kwa sababu wana uchovu na wamenenepa. Nimempokea mama ambaye moyo ulikuwa unapiga ovyo kwa vidonge alivyopewa na jirani. Dawa hii ikizidi kwa muda mrefu inadhoofisha na mifupa.

Halafu tusidanganyane, wengi wenye dalili hizi na TSH ya kawaida hawana ugonjwa wa thairoidi. Mwaka 2001 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha jaribio lililofanywa kwa watu wenye dalili hizo hizo lakini vipimo vyao viko ndani ya kiwango. Walipewa thairoksini kwa kipindi fulani na vidonge vitupu kwa kipindi kingine, bila wao kujua kipi ni kipi. Thairoksini haikushinda vidonge vitupu.

Na mleta mada, umeruka jambo kubwa. Mgonjwa wa Sheehan akianzishiwa thairoksini kabla ya kuangaliwa kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo, anaweza kufa. Pituitari ikiumia, mara nyingi na tezi hizo zinakosa amri. Ukiuchochea mwili kwa thairoksini wakati kotisoli haitoshi, presha inaporomoka.

Mama wa Mwanza:

Tabibu namuunga mkono, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natafuta thairoidi kwa nguvu. Nywele zinakatika, baridi, uchovu. Nilipima TSH mara tatu kwenye maabara tatu, zote sawa, nikawachukia madaktari. Kumbe ni damu. Hedhi yangu ilikuwa nzito miaka yote, nabadilisha pedi kila saa na nadhani ndivyo wanawake tulivyo. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Uvimbe kwenye kizazi ulitolewa, nikameza vidonge vya madini ya chuma, na nywele zikarudi.

Niliye Birmingham:

Msidhani huku ni tofauti. Mwongozo wa mwaka 2019 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema mtu mzima aanze na TSH pekee, na FT4 ifuate TSH ikitoka nje ya kiwango. Lakini mwongozo huo huo unatenga wanaohisiwa kuwa na tatizo la pituitari: hao wapimwe TSH na FT4 kwa pamoja. Kwa hiyo mtu wa maabara na mleta mada wote mko sahihi. Swali linabaki, nani atahisi pituitari kama hajauliza habari za uzazi?

Mleta mada:

Nawashukuru wote. Tabibu, umesema kweli na nimekosa kutoliandika. Dada alilazwa, akapimwa kotisoli, ilikuwa chini. Akaanzishiwa kwanza haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, thairoksini ikafuata baada ya siku kadhaa, tena kwa dozi ndogo. Asiyejua asijaribu nyumbani.

Na Mama wa Mwanza, kisa chako hakinipingi. TSH yako ilisema ukweli kuhusu tezi, haikusema kwamba wewe ni mzima. Hapo ndipo ninapogombana na neno "kawaida". Hata mwenye uvimbe shingoni, mara nyingi TSH yake huwa nzuri kabisa, na uvimbe huo bado unatakiwa kushikwa kwa mkono, kupigwa ultrasaundi, na pengine kuchomwa sindano kuchukua chembe. Vivyo hivyo tezi iliyopata uvimbe wa ndani baada ya kujifungua: miezi ya mwanzo homoni huzidi, baadaye hupungua, na ukipima katikati unakuta sawa. Anayesema "rudi baada ya wiki sita" anamsaidia mgonjwa kuliko anayesema "huna kitu".

Nimalizie na la wiki iliyopita, kwa sababu bado linanikera. Dada sasa ana nguvu, sauti yake imerudi, sweta kampa binti yake. Alikwenda kliniki nyingine karibu na kwake kuchukua dawa, wakampima TSH. Imekuja 0.05. Wakamwambia dawa imezidi, apunguze nusu. Lakini kwa aliyeharibikiwa pituitari, TSH haitumiki kupanga dozi. Inayoangaliwa ni FT4. Alinipigia simu akiwa dirishani, nikamwambia asikate kidonge, amtafute kwanza daktari wake. Jumanne anakwenda kupima FT4, na ameandika kwenye kipande cha karatasi, kwa mkono wake: "Nilivuja damu nyingi nilipojifungua. Sikupata maziwa. Msinipime TSH peke yake." Anakiweka ndani ya kadi ya bima.