Mfano wa mkate wa Liyongo umefutwa mara ya 3, jina tupu limeachwa. Wahariri wa wiki ya mbinu, tuelezane!

Wakuu, hasira hii ninayo tangu juzi usiku na nimeona niitoe hapa, maana kule kwenye ukurasa wa majadiliano kila nikiandika najibiwa maneno mawili tu: "Imeshaamuliwa." Imeamuliwa na nani? Kwa hoja gani?

Kwa wasioijua wiki yenyewe, ni tovuti ambayo yeyote anaweza kuihariri, na kazi yake ni kukusanya mbinu zinazojirudia katika hadithi za dunia nzima. Kila mbinu ina ukurasa wake, maelezo juu, mifano chini. Mifano ndiyo uhai wa ukurasa. Hakuna anayekesha akisoma maelezo ya juu. Watu wanakuja kuona mbinu ile ile ilivyotumika kwa Wagiriki, kwa Wajerumani, na kwetu pia.

Sasa kuna ukurasa wa kifaa cha kutorokea kinachofichwa ndani ya chakula cha mfungwa. Mfano wa Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za Waswahili aliyepelekewa tupa ndani ya mkate gerezani, unakaa pale kama pete na kidole. Niliusoma utendi upya kabla ya kuandika, nisije nikampotosha mtu. Mara ya kwanza ukafutwa kwa maelezo kwamba "huyu ni mtu wa kweli, ukurasa haupokei matukio ya kweli." Nikaurudisha na kueleza kwa upole kabisa: kaburi linalosemwa kuwa lake lipo Kipini, sawa, na wataalamu wanabishana aliishi karne gani, sawa. Lakini mimi sikuandika habari za kaburi. Niliandika habari za mhusika katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mkate umo ndani ya utendi. Ukafutwa tena, na aliyefuta ni yule yule, safari hii akaandika: "Haijulikani." Mara ya tatu hakuandika hata sababu.

Haijulikani kwa nani, ndugu yangu? Kisa cha Liyongo kilishachapwa London tangu mwaka 1870, kwenye kitabu cha Edward Steere cha hadithi za Waswahili. Huku pwani kinasimuliwa na wazee ambao hicho kitabu hawajawahi kukishika. Na mwongozo wa wiki yenyewe unasema wazi kwamba umaarufu wa kazi si kigezo. Kigezo ni kama mbinu imo au haimo. Basi tuulizane hilo tu: mkate umo au haumo?

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Nenda ukurasa wa shujaa asiyedhurika isipokuwa mahali pamoja mwilini, ule wa kisigino cha Achilles, shujaa wa Wagiriki. Utakuta mstari unasema: "Fumo Liyongo." Basi. Jina na nukta. Umekaa pale zaidi ya mwaka na hakuna aliyeugusa. Msomaji asiyemjua Liyongo ataondoka na nini hapo? Mwanafunzi wa kidato cha nne akiambiwa afafanue kwa mifano akaandika jina peke yake, anajua fika kwamba hapati alama. Sisi watu wazima tunaacha hivyo hivyo na kuita ni mfano.

Wakati habari yenyewe ni nzito ajabu! Liyongo haingii mkuki wala mshale. Kitu pekee cha kumuua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo anaitoa kwa mwanawe wa kumzaa, aliyetumwa na mfalme wa Pate kwa ahadi ya kuozwa. Kijana anamchoma baba yake usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda hadi karibu na kisima, anapiga goti, anapachika mshale, na roho inamtoka akiwa hivyo hivyo. Mji mzima unakosa maji kwa sababu watu wanadhani bado yu hai. Hapo msomaji ameona kila kitu: udhaifu ni mmoja, upo mwilini, na umefichuliwa na mtu wa ndani. Siegfried wa Wajerumani alioga damu ya joka, jani likamwangukia kati ya mabega, na pale ndipo mkuki ulipopita. Ukiwaweka wawili hawa pamoja kwa maelezo kamili, ukurasa unaanza kusema kitu. (Samsoni mimi ningemtoa. Nywele ni chanzo cha nguvu zake, si mahali silaha inapopenya. Anayebisha aje na hoja.)

Badala yake ukurasa umejazwa mistari ya aina ya "udhaifu wake ni wanawake", "udhaifu wake ni pombe". Hiyo ni tabia! Kwa kipimo hicho kila mhusika aliyewahi kuandikwa ataingia, na mbinu itakuwa haina maana tena.

Na yule aliyeandika kwenye ukurasa wa mjanja "Sungura, katika hadithi zote za Kiafrika", hebu afute mwenyewe. Zote? Kwenye ile ya mbio, Kobe anawapanga ndugu zake njiani na Sungura ndiye anayeachwa mdomo wazi. Chagua hadithi moja, sema alifanya nini, alimfanyia nani.

Ninachodai ni kitu kidogo. Anayefuta aseme ni wapi mbinu inakosekana kwenye mfano, si kama yeye ameshausikia au la. Jina tupu lijazwe maelezo au liondoke, liwe la kwetu au la Ulaya. Na mfano wangu urudishwe. Ulikuwa hivi, someni wenyewe:

"Fumo Liyongo amefungwa pingu gerezani. Kijakazi Saada humletea chakula kila siku, lakini walinzi hula kilicho kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anampelekea mama yake ujumbe kwa wimbo: aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Walinzi wanauona ni mkate wa pumba, wanaudharau, wanachukua ule mzuri na kumpitishia huo. Kisha Liyongo anaomba pachezwe gungu nje ya gereza, na wakati watu wanaimba na pembe zinalia, yeye anakereza minyororo bila mtu kumsikia, mpaka ikakatika."