"Boss", "gaffer" au "higher-ups": lipi la kumwitia, lipi la kumsemea?

Msomi_wa_Usiku: Nalinganisha "boss", "gaffer", "head honcho" na "big cheese". Kamusi yangu inayatafsiri yote "mkubwa wa kazi". Lipi linafaa ofisini, lipi litaniponza?

KalamuNyekundu: Kabla ya maana, jiulize: unamwita, au unamsema akiwa hayupo? Ya kumwitia mtu usoni ni mawili tu, "boss" na "gaffer". "Gaffer" ni la Uingereza, zaidi kwa vibarua wa ujenzi na wachezaji soka wakimtaja kocha. Kwenye filamu ni cheo kingine kabisa: fundi mkuu wa taa. Hayo mengine mawili ni ya pembeni, tena kwa mzaha. Usiyaandike kwenye baruapepe ya kazi.

Shina_la_Neno: "Honcho" ni Kijapani, "hancho", kiongozi wa kikosi kidogo, askari wa Marekani ndio waliolibeba. Kwa hiyo "honcho" peke yake tayari ni mkuu, "head" ni chumvi tu. "Boss" nalo ni "baas" la Kiholanzi.

BilaTai: Mmeisahau "guv" ya London. Ila dereva wa teksi humwitia hata abiria, kwa hiyo usidhani umepandishwa cheo.

Msomi_wa_Usiku: Na wakubwa kwa pamoja?

KalamuNyekundu: "The higher-ups" ndilo salama: halisifu wala halikejeli. "The suits" lina dharau, kwamba ni wavaa suti wasioijua kazi yenyewe. "Top brass" limetoka jeshini, kwenye mapambo ya kofia za maofisa. Usiliongezee "es", na kitenzi chake kwa kawaida huwa cha wingi: "the top brass were angry". "Bigwig" ni kigogo hasa, tangu enzi za wakubwa kuvaa mawigi makubwa.

Shina_la_Neno: "Kingpin" liache, hilo ni la magenge. Na "bossy" halimsifu bosi yeyote. Ni mtu wa kuamrishaamrisha watu, hata mtoto huitwa hivyo.

Msomi_wa_Usiku: Basi nitabaki na "boss".

KalamuNyekundu: Mdomoni sawa, kwenye barua andika "my manager". Halafu angalia sauti. "Sawa, bosi" yetu ina heshima ndani yake, lakini "yes, boss" iliyosemwa kwa ukavu, Mwingereza anasikia kejeli.