Tupeane uzoefu: mashine ya sandwichi nyumbani, uliichaguaje na unaitumiaje?

Mpishi wa South B

Habari zenu wote. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu mashine za sandwichi, zile zinazobana mkate katikati ya sahani mbili za moto. Siku hizi kila supamaketi inaziuza, na watu wanachagua kwa rangi na jina lililoandikwa juu ya kifuniko. Baada ya muda kifaa kinapandishwa juu ya kabati na hakishuki tena. Inanisikitisha, kwa sababu hapa Nairobi, ambapo mtoto anasubiri basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri, chakula cha moto kinachoshikika mkononi bila kumwagika kwenye sweta ni msaada mkubwa kwa mzazi.

Nianze na yangu. Ni ya wati 750, sahani zenye pembetatu, inatoa sandwichi mbili kwa mpigo. Nilipokwenda kununua nilibeba slesi moja ya mkate kwenye karatasi, nikaiweka juu ya sahani palepale dukani. Mhudumu alinitazama sana, lakini mikate yetu haina slesi za ukubwa mmoja, na slesi ikizidi sahani, kingo zake hazibanwi, vitu vinatokea pembeni. Halafu nikashika kifuniko nikakitikisa. Bawaba ya nyuma inatakiwa icheze kidogo, iweze kuinuka. Ikiwa ngumu, sahani ya juu inakandamiza mkate kwa nyuma tu, mbele panabaki wazi, na unapata sandwichi iliyoungua upande mmoja na mbichi upande wa pili. Bei niliuliza mwisho.

Ninayoipika zaidi ni ya yai, na ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo nitaieleza polepole. Washa mashine ikiwa imefungwa na usubiri iwe tayari. Paka siagi upande wa nje wa mkate, ule unaogusa chuma, maana ndiyo inayoleta rangi na ukavu. Laza slesi za chini, kisha uzibonyeze kwa mgongo wa kijiko cha mbao mpaka zishuke kwenye vishimo. Yai moja linatosha sandwichi moja. Lipige na chumvi, kitunguu cha majani na hoho iliyokatwa ndogondogo, ulimimine katikati. Usifunike kwanza. Ngoja kama nusu dakika, ukingo wa yai uanze kushikana, ndipo uweke slesi ya juu. Ukifunika mara moja yai bado ni maji, linakimbilia kwenye kingo na kuungulia nje. Ukishafunga utasikia mlio wa kuchemka na mvuke utatoka kwa nguvu pembeni. Usifungue. Mvuke ukipungua na mlio ukatulia, mara nyingi baada ya dakika 4 au 5, imeiva. Ukiwa na haraka ukafungua kabla, slesi ya juu inabaki juu, ya chini inabaki chini, na yai linaning'inia katikati.

Nyanya mbichi siweki kabla ya kutoa mbegu na maji yake. Kachumbari inakaa kwenye sahani, pembeni.

Haya, mnaozitumia semeni. Na mafundi mkiwepo, msikae kimya.

Bedsita Roysambu

Mimi naishi peke yangu na hofu yangu ilikuwa tokeni za umeme. Keteka wetu, mtunza nyumba, alikuwa ametuonya kuhusu majiko ya koili, nikadhani na hii ni yale yale. Nikakaa nikapiga hesabu. Wati 750 kwa dakika 8 ni sehemu ya kumi ya uniti. Kwa hiyo uniti moja inanipa asubuhi kumi hivi, na hapo sijahesabu kwamba mashine yenyewe hujizima na kujiwasha ikishapata moto wa kutosha. Birika la umeme la wati 2000 nikilichemsha kwa dakika 4 linakula zaidi kidogo ya hapo. Tangu nijue hivyo natumia bila wasiwasi.

Chakula changu ni maharagwe ya jana. Nayarudisha motoni mpaka rojo likauke kabisa, nayaponda kwa uma, natia dania na pilipili kidogo. Yakiwa makavu vile hayachuruziki. Mkate mzuri kwa kazi hii ni wa jana pia, umekaza kidogo. Ule uliotoka kwa oveni leo unabonyea na kulowana.

Mama wa Watatu, Kayole

Asante Mpishi kwa kuanzisha. Mimi nilichukua yenye sahani bapa zenye mistari, si ya pembetatu, na nawaambia kabisa kwamba kwa nyumba yenye watoto wanaobeba chakula shuleni ninaona ni bora zaidi. Sababu ni kwamba haichagui. Chapati ya jana naikunja mara mbili na ndengu kavu ndani, inatoka imekauka nje na laini ndani. Nyama ya kusaga, viazi vilivyopondwa na mbaazi, sosej iliyopasuliwa katikati, vyote vinaingia. Skonzi nayo inaingia. Ya pembetatu inakubali slesi tu.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni la kopo la chakula. Sandwichi ikitoka motoni ukaifungia kwenye kopo papo hapo, mvuke wake unageuka maji ndani na kufikia saa nne mtoto anafungua kitu kimelowa, anamrudishia mama yake jioni. Mimi naziegemeza wima kwenye ungo, mbili mbili, hewa ipite pande zote, wakati navalisha mdogo viatu. Zikipoa ndipo zinafungwa. Tena ziwe zimepoa kweli, kwa sababu cha ndani kinashika moto kuliko mkate. Mdogo wangu wa mwisho simpi kabla sijaikata katikati na kuipulizia, hasa ikiwa na jibini au nyanya.

Parachichi msiliweke ndani mkachoma, linakuwa chungu. Fungua sandwichi ikishaiva ndipo upake.

Fundi wa Luthuli

Nimeitwa nimekuja. Hizi mashine naletewa sana, na karibu zote matatizo ni yale yale, kwa hiyo nitasema yote mara moja.

La kwanza ni plagi. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mraba, lakini mashine nyingi za bei rahisi zinakuja na plagi ya miguu miwili ya duara. Najua mnachofanya, mnachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili ya chini yafunguke, kisha mnasukuma ile plagi ya miguu miwili. Acheni hiyo tabia, nawasihi. Plagi haikazi, inapata moto, plastiki inayeyuka. Mbaya zaidi, tundu la juu ni la athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Sahani zile ni chuma, na waya wa ndani ukilegea ukagusa chuma, athi ndiyo inayobeba umeme usipite mwilini mwako. Ukinunua, chagua yenye miguu mitatu kutoka kiwandani na waya mnene. Ikiwa umeshapata ya miwili, geuza chini usome kibandiko. Mraba ndani ya mraba maana yake imetengenezwa kutumika bila athi, hiyo mpelekee fundi akubadilishie plagi. Isiyo na alama hiyo na haina waya wa athi, mimi sikushauri uiweke jikoni.

La pili ni volti. Kibandiko kile kile lazima kiseme 220–240V. Za mtumba kutoka Uingereza hazina shida hapo, na mara nyingi chuma chake ni kizito. Angalia tu sahani hazijachunika.

La tatu, taa. Watu wananiletea mashine nzima kabisa wakisema "taa ya kijani inazimika, imeharibika." Haijaharibika. Ndani kuna thamostati, kibamba cha metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Kikipata moto kinapinda na kukata umeme, kikipoa kinanyooka na kuurudisha. Taa inafuata hiyo. Nyingi hazina swichi, ukichomoa ndiyo umezima, basi chomoa kila ukimaliza.

La nne ndilo linaloniuma. Pembeni ya thamostati kuna fyuzi ndogo ya joto, umbo la punje. Thamostati ikikwama, moto ukazidi, fyuzi hiyo inakatika mara moja na hairudi. Mashine inakuwa kimya kabisa. Kuna wanaoitoa na kuunganisha waya mtupu, mashine inawaka, mteja anafurahi. Hiyo sasa haina kinga yoyote. Mwambie fundi akuwekee fyuzi ya nyuzi joto zile zile zilizoandikwa juu ya ile ya zamani, akuonyeshe na ile iliyokatika.

Ekstensheni ni sawa kwa mashine hii peke yake, maana inavuta kama ampea 3 tu. Ukiongeza birika na pasi kwenye ekstensheni hiyo hiyo umepita ampea 13 zake.

Donholm Awamu ya Tano

Fundi, umenishtua kidogo. Shemeji yangu alituletea moja kutoka Marekani, nzuri sana, bado iko kwenye boksi. Nilikuwa nimenunua adapta ya plagi tayari. Nimegeuza chini sasa hivi, imeandikwa 120V, wati 700. Adapta itasaidia?

Fundi wa Luthuli

Haitasaidia, ndugu yangu. Adapta inabadilisha umbo la miguu tu, volti zinabaki 240. Kifaa cha joto cha 120V ukikipa 240 kinavuta nguvu mara nne, yaani hiyo ya wati 700 itajaribu kuvuta 2800. Itaungua dakika za mwanzo. Kuna transfoma za kushusha volti, lakini ya kubeba wati 700 ni nzito na bei yake itakununulia mashine mpya. Mtunzie shemeji, akija arudi nayo.

Nyanya wa Jericho

Watoto wangu, nawasoma. Mimi mjukuu alininunulia na ninaitumia kwa chai ya jioni. Hakuna aliyetaja mende. Makombo na mafuta yanashuka kwenye ule upenyo wa nyuma karibu na bawaba, na usiku mende wanaingia humo kwa sababu kuna vuguvugu. Mimi nikishachomoa naiacha ipoe kiasi, napitisha brashi ya kupakia siagi kwenye upenyo, kisha kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni, kisha kikavu. Naisimamisha wima ndani ya mfuko wa nguo uliofungwa kwa kamba. Situmbukizi majini hata kidogo.

Na stima ikipotea msilale njaa. Weka sandwichi kwenye kikaango juu ya gesi, moto mdogo, ikandamize kwa sufuria yenye maji ndani. Ukigeuza mara moja imeiva.

Bedsita Roysambu

Shosho asante! Jana stima ilipotea huku na nilikuwa nimekula mkate mkavu.

Hotelini Eastleigh

Nafanya kazi jikoni, kwa hiyo naongeza mawili. Jibini iwekwe katikati ya vitu vingine, isiguse kingo, na uikwangue badala ya kuikata vipande, inayeyuka sawasawa. Ikimwagika kwenye sahani, usikwangue kwa kisu wala waya wa kusugulia. Ule utando mweusi ukichunika, kila kitu kitashika na hautarudi. Kunja kitambaa cha jikoni kilicholowa, kiweke katikati ya sahani zilizochomolewa lakini bado zina joto, funga dakika chache. Uchafu unalainika unatoka kwa kufuta.

Kuhusu pembetatu na bapa: ule ukingo wa katikati wa sahani za pembetatu una kazi. Breville ya Sydney ilipotoa mashine yake mwaka 1974, wazo lilikuwa kukata mkate na kufunga kingo kwa pamoja. Kwa hiyo ukitaka kuweka kitu chenye rojo, kama nyama ya mchuzi mzito, pembetatu inakushikia. Bapa haifungi chochote, itataka vitu vikavu.

Mama wa Watatu, Kayole

Hapo nakubali. Sasa Mpishi, yai lako kwenye bapa yangu nitafanyaje? Halina pa kukaa.

Mpishi wa South B

Mama, kwenye bapa usilimimine bichi. Likaange kwanza liwe kama chapati nyembamba, ulikunje lilingane na mkate, kisha ubane kwa dakika 2 au 3 tu. Ladha ni ile ile na haumwagi kitu. Mwenye pesa ya kuongeza atafute yenye sahani za kutoa, anabadilisha bapa na pembetatu na kuziosha kwenye sinki. Ila akague vishikio vya hizo sahani dukani, azitoe na kuzirudisha mwenyewe. Vikilegea sahani inaanguka na sandwichi juu yake.

Nyanya wa Jericho

Na yangu klipu ya mbele imevunjika. Nimekuwa nikiishikilia kwa mkono na mwiko. Fundi, inatengenezeka?

Fundi wa Luthuli

Shosho, klipu za plastiki huvunjika kwa sandwichi nene kupita kiasi, na kuzipata peke yake ni kazi. Lakini usiifunge kwa kamba wala waya, na usiishikilie, mvuke utakuunguza. Uzito wa kifuniko chenyewe unatosha ukipunguza vya ndani. Weka vijiko viwili tu vya kujaza, funga, uiache dakika moja zaidi. Mjukuu akipita mjini ailete, nina mashine mbovu za kutoa klipu, nitaangalia inayolingana na yako.