Kama vidonda vya tumbo ni bakteria, mbona miaka yote naambiwa nipunguze mawazo?

Fundi wa Kihonda

Habari za jioni wakuu, naombeni mnisaidie mwenzenu maana nimechoka. Mimi ni mama, fundi cherehani, nina miaka 36. Vidonda vya tumbo vimenianza 2018, yaani panaungua hapa chini ya chembe cha moyo, usiku saa nane nashtuka nakunywa maziwa nalala kidogo alafu asubuhi tena. Nimeacha maharage, nimeacha pilipili, machungwa, chai ya rangi. Omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, nimemeza mpaka kijana wa duka la dawa akiniona tu anaitoa kabla sijafungua mdomo. Nikitumia napata nafuu, nikiacha wiki mbili tatu hali inarudi pale pale. Na kila nikimwambia mtu ananijibu punguza mawazo, sasa nayapunguzaje na nina watoto watatu na kodi ya fremu?

2021 zahanati moja walinipima damu wakasema nina H. pylori, yaani huyo bakteria wa vidonda, wakanipa dawa za wiki moja. Baada ya miezi sita nikarudi wakapima damu tena ikasoma ipo, wakasema dawa zimegoma, nikauziwa zingine. Nikakata tamaa kabisa.

Wiki iliyopita ndo nimeenda hospitali nyingine, wakanichungulia kwa ile kamera ya kumeza, wakaona kidonda pale utumbo mdogo unapoanzia, wakakata kinyama kidogo wakapima, bakteria yupo kweli. Nimepewa omeprazoli, amoksilini na klarithromaisini, asubuhi na jioni siku 14. Daktari kaniambia hiki kidonda kinatokana na huyo bakteria na kinapona moja kwa moja. Leo siku ya pili, mdomo mchungu kama nanyonya sarafu. Wifi yangu ananiambia niache, antibayotiki nyingi hivyo zinaharibu tumbo, na eti tumboni kuna asidi kali hakuna mdudu anayeweza kuishi.

Maswali yangu: huyo bakteria anaishije kwenye asidi? Nani alithibitisha kuwa ndo anayeleta vidonda na si mawazo? Na nitajuaje kama kafa kweli, maana damu ilishanichanganya?

Bi Makorora

Pole sana mwanangu. Usiache dawa, nakuomba kama mamako. Mimi kisa changu kilikuwa kingine kidogo nakueleza labda kitamfaa mtu anayesoma hapa. Nilikuwa naumwa magoti, nikawa nameza diklofenaki karibu kila siku miaka minne, naagiza mtoto dukani ananiletea. Siku moja choo kikawa cheusi tii kama lami, nikadhani ni dawa ya damu niliyokuwa nakunywa, kumbe kidonda kinavuja ndani. Nimeongezwa damu chupa tatu. Nilipopimwa bakteria hakuonekana, daktari akasema ni zile dawa za maumivu zimenichubua tumbo. Kwahiyo wenye kumeza diklofenaki, ibuprofeni na aspirini kila siku bila kumwambia daktari, muangalie. Na ukiona choo cheusi au unatapika kitu kama unga wa kahawa usisubiri kesho.

Mtu wa Maabara

Dada Fundi, shikamoo kwanza kwa Bi Makorora, ameongea kitu kikubwa. Hizo ndizo sababu mbili kuu za vidonda vya tumbo, H. pylori na dawa za maumivu za jamii hiyo. Nyingine zipo lakini ni chache. Mimi nafanya kazi maabara miaka 11 sasa na hii stori naipenda kuliko zote za kazi yetu kwahiyo mnivumilie nitaandika ndefu.

Huyo wifi yako asilaumiwe, alichosema ndicho walichoamini madaktari wa dunia nzima. Mwaka 1954 mtafiti mmoja Mmarekani anaitwa Palmer alichunguza vinyama vya tumbo zaidi ya 1,000 hakuona bakteria, basi mjadala ukafungwa. Tatizo lilikuwa rangi ya maabara aliyotumia, haimuonyeshi huyu mdudu. Ikabaki imani kwamba tumbo ni safi, asidi inaua kila kitu, na kidonda kinaletwa na mawazo na vyakula. Miaka ya 70 ikaingia simetidini, ya kupunguza asidi, watu wakapata nafuu sana, ila ukiacha dawa kidonda kinarudi, unakunywa tena, hivyo hivyo mpaka uzeeni, wengine wakikatwa kabisa kipande cha tumbo. Maisha uliyoishi wewe tangu 2018 ndiyo hayo hayo.

Sasa 1979 kule Perth, Australia, daktari wa kuchunguza vinyama anaitwa Robin Warren akaona vibakteria vilivyojipinda kama skrubu vimejaa juu ya nyama ya tumbo lililovimba. Akatumia rangi yenye madini ya fedha, vikaonekana waziwazi. Wenzake hawakumjali. 1981 akaja kijana Barry Marshall, alikuwa bado anajifunza kazi, anatafuta utafiti wa kufanya, wakaungana. Wakachukua wagonjwa 100 wanaochunguliwa tumbo, wakawa wanajaribu kumuotesha yule bakteria kwenye sahani za maabara. Wagonjwa 34 wa mwanzo hakuota kitu. Kwa nini? Sahani zilikuwa zinatupwa baada ya siku mbili, ndo utaratibu wa bakteria wengi. Pasaka ya 1982 maabara ikazidiwa na kazi alafu sikukuu ikaingia, sahani ya mgonjwa wa 35 ikakaa siku tano kwenye joto. Kurudi wanakuta imeota. Mdudu anakua taratibu tu jamani! Mimi kila nikitaka kutupa sahani mapema nawakumbuka hawa watu.

Karibu wote waliokuwa na kidonda pale utumbo mdogo unapoanzia, kama wewe dada, walikutwa naye. Lakini wakubwa wakasema labda kidonda ndo kimemkaribisha, yeye kaja baadaye. Marshall akajaribu kuwaambukiza wanyama wa maabara, hawakuambukizika. Ndipo 1984 Marshall akajipima tumbo kwanza kuhakikisha ni zima, akachukua bakteria wa mgonjwa, akawakoroga kwenye kimiminika akawanywa mwenyewe. Hata mkewe hakumwambia mapema. Baada ya siku chache anatapika, mdomo unanuka, wanamchungulia tumbo limevimba na bakteria wamejaa. Akatumia antibayotiki.

Hapa niweke sawa, maana huwa inapotoshwa. Yeye ukuta wa tumbo ulivimba tu, hakupata kidonda. Ushahidi ulionifanya mimi niamini ni wa 1988, walifuatilia watu wenye vidonda kama chako, mwaka mzima baada ya kidonda kupona. Waliobaki na bakteria, asilimia 84 kidonda kilirudi. Ambao bakteria alikufa, asilimia 21 tu. Wengine duniani wakarudia wakaona vile vile, na 1994 taasisi za afya za Marekani zikatamka wagonjwa wa vidonda wenye H. pylori wapewe antibiyotiki. 2005 Warren na Marshall wakapewa tuzo ya Nobel. Hesabu miaka, 1982 mpaka 1994, watu wangapi wamekatwa matumbo hapo katikati. Inaniuma kweli.

Anaishije kwenye asidi: ana kimeng'enya kinaitwa yurease, kinachukua yurea iliyopo tumboni anaigeuza amonia, amonia inazimua asidi kumzunguka pande zote, kisha kwa ule umbo wa skrubu anajichimbia ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo, kule asidi haifiki vizuri. Hicho kinyama walichokukata huenda walikiweka kwenye kidude cha njano chenye yurea, akiwepo panageuka pinki. Rangi ile inatokana na amonia yake.

Kuhusu damu, dada yangu, hapo ulionewa. Kipimo cha damu kinatafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupigana na bakteria, na hao askari wanabaki miezi hata miaka baada ya adui kufa. Kwahiyo kusoma "ipo" baada ya miezi sita hakukuonyesha kama dawa zimegoma au hazijagoma. Kujua kama kafa unapima choo, kile cha kutafuta chembe za bakteria mwenyewe, au cha kupuliza pumzi. Subiri angalau wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazoli uwe umeiacha wiki mbili, la sivyo kipimo kinaweza kukudanganya kwamba hayupo kumbe amejificha.

Mkulima Lushoto

Mimi sibishani na wasomi ila nasema nililoliona. Baba yangu alipona vidonda kwa juisi ya kabichi mbichi, glasi kutwa mara tatu, hakugusa antibayotiki. Alikaa karibu mwaka bila maumivu. Pia mbona wengi tuna huyo bakteria na hatuumwi? Nilipimwa mwaka jana nikaambiwa ninaye, na nakula pilipili kama kawaida.

Mtu wa Maabara

Mkuu hujakosea kuuliza. Karibu nusu ya watu duniani wanaye, kwetu ni zaidi, na wengi hawapati kidonda maisha yao yote. Inategemea aina ya bakteria mwenyewe, maana wapo wenye jeni za ukali na wapo wapole, inategemea mwili wa mtu, sigara pia inachangia. Tena ni mdudu wa zamani mno, wanasayansi walilinganisha jeni zake toka mabara mbalimbali wakaona alitoka Afrika Mashariki pamoja na binadamu waliohama kadiri ya miaka 58,000 iliyopita. Ametembea na sisi tumboni dunia nzima.

Kabichi, utafiti ulishafanyika, 1949 daktari mmoja wa California, Garnett Cheney, aliwapa wagonjwa 13 juisi yake wakapona haraka. Lakini 13 ni wachache, na hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha nao. Kidonda cha tumbo kina tabia ya kujifunga chenyewe na kufumuka tena, ndo maana kila aliyekunywa kitu wakati kinajifunga anaapa kwa kitu hicho. Umesema mzee alikaa karibu mwaka. Baada ya hapo?

Mkulima Lushoto

Kilirudi mkuu. Alifariki 2016 kwa saratani ya tumbo.

Mtu wa Maabara

Pole sana ndugu yangu. Mungu amrehemu mzee. Siwezi kusema chake kilitokana na nini, sikumpima. Ila kwa kuwa wewe unaye na baba yako wa kumzaa alikufa kwa saratani ya tumbo, hiyo ni sababu tosha ya kumuona daktari umuulize kuhusu kutibiwa hata kama huumwi. Tangu 1994 huyu bakteria amewekwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Wengi wenye naye hawapati saratani, lakini wewe usikae tu. Nenda mkuu.

Mwana Likoni

Nami nichangie kutoka huku Mombasa. Dada, mimi hizo dawa tatu nilizimaliza siku 14 na kipimo cha choo kikaonyesha bado yupo. Nililia. Daktari akanieleza kuna bakteria sugu, hasa kwa klarithromaisini na metronidazoli kwa sababu watu huku kwetu tunameza Flagyl, ambayo ndiyo hiyo metronidazoli, kwa kila tumbo linalouma. Nikapewa za pili, nne kwa pamoja, bismathi, tetrasaiklini, metronidazoli na ya kupunguza asidi, vidonge vingi mpaka nikaweka kengele kwenye simu. Kinyesi kilikuwa cheusi ikanitia hofu, nikaambiwa bismathi ndiyo inayofanya hivyo. Nilipopima tena hayupo, na sasa ni mwaka wa tatu nalala usiku kucha. Kwahiyo ukipima ukamkuta usiseme ndo basi. Na usirukeruke vidonge, ukiacha siku ya tano unawaua dhaifu, wenye nguvu wanabaki.

Bi Makorora

Mwanangu huo uchungu wa mdomo nilisikia ni wa ile klarithromaisini, ukimaliza dawa unaondoka. Kunywa baada ya kula kama tumbo linakusumbua, lakini muulize daktari ile omeprazoli, mimi niliambiwa nimeze kabla ya chakula.

Fundi wa Kihonda

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na nimemsomea wifi. Hakujibu kitu lakini jana kaniuliza na yeye akapime wapi, maana na yeye anaungua miaka, alikuwa hasemi. Kilichoniumiza ni ile pesa ya 2021, kumbe pengine dawa za mara ya kwanza zilikuwa zimefanya kazi au hazijafanya na hakuna aliyejua, walisoma damu tu. Swali la mwisho Mtu wa Maabara, mume wangu na watoto je, si tunakula sinia moja?

Mtu wa Maabara

Wengi wanaambukizwa utotoni, ndani ya familia, kwa mate, matapishi, mikono isiyonawa baada ya choo, maji yasiyo salama. Watoto wasio na dalili hawapimwi hovyo, wala usiwape dawa zako. Mumeo kama anaungua kama wewe apime, cha choo sio cha damu. Maji chemsheni, sabuni iwe karibu na choo. Sinia endeleeni kula pamoja mkishanawa.

Fundi wa Kihonda

Sawa kaka. Leo siku ya tisa, sijaruka hata kidonge kimoja, na toka juzi sijaamka saa nane. Daktari anasema nikimaliza siku 14 na omeprazoli naiacha. Tarehe ya kipimo cha choo nimehesabu wiki nne kamili baada ya hapo, nimeiandika kwa chaki ya kushonea juu ya cherehani. Nitarudi kuwaambia majibu.