Mjadala: Nywila ya kiwandani kwenye kamera ni kosa la mnunuzi au la mtengenezaji?

MTOA HOJA: Naweka hoja hii mezani: mamlaka zinazoidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni zikatae kamera, ruta na kengele za mlangoni zinazotoka kiwandani zote zikiwa na nywila moja. Jibu lililozoeleka ni kwamba mwenye nyumba abadilishe nywila mwenyewe, na asipobadilisha ajilaumu. Jibu hilo lingetosha kama anayeumia angekuwa mwenye nyumba.

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera, vinasa picha na ruta kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani, jozi zisizofika hata mia moja. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kuimiminia maombi kupita uwezo wake Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiyageuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, na kwa saa kadhaa watu wengi wa Marekani na Ulaya walishindwa kufungua Twitter na Netflix. Wenye kamera hawakuhisi lolote, kwani picha zao ziliendelea kuonekana. Afrika nayo haikupona: mwezi uliofuata Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, ilishambuliwa kwa silaha hiyohiyo na Mwingereza aliyekodiwa kwa niaba ya washindani wake, na Januari 2019 mahakama ya Uingereza ikamfunga miezi 32.

MCHANGIAJI: Ndugu mtoa hoja, mimi ni fundi wa kamera, na naona umemwonea mtengenezaji. Mteja nikimwekea nywila ngumu, baada ya wiki tatu ananipigia simu usiku kwamba ameisahau na duka limevunjwa, anataka picha sasa hivi. Ndiyo maana mafundi wengi tunaacha ile iliyo kwenye karatasi ya maelekezo, au tunatumia moja kwa wateja wote. (Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyo.) Masharti mapya yatapandisha bei, na muuza duka mdogo atarudi kwenye kufuli na mlinzi. Afadhali tuwafundishe watumiaji.

MTOA HOJA: Fundi, nakushukuru kwa kusema wazi, ila elimu hiyo isingewasaidia wengi wa wale wa mwaka 2016. Katika baadhi ya vifaa vile, vilivyobeba vipuri vya kampuni ya Kichina ya Xiongmai, mtu aliweza kubadilisha nywila kwenye ukurasa wa mipangilio na kudhani amefunga mlango, kumbe upo mlango mwingine wa Telnet, njia ya zamani ya kukiamuru kifaa kutoka mbali, wenye nywila iliyochomekwa ndani ya programu ya kifaa, ambayo mtumiaji wa kawaida hakuonyeshwa mahali pa kuibadilisha. Kukizima kifaa kuliifuta Mirai, kwa kuwa ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, lakini kikiwashwa kingeweza kutekwa tena baada ya dakika chache. Mtu wa namna hiyo tungemfundisha nini? Kampuni yenyewe ilitangaza kurudisha baadhi ya bidhaa zilizouzwa Marekani.

Kuhusu bei, Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 inataka kila kifaa kiwe na nywila yake ya pekee au mtumiaji aiweke mwenyewe anapoanza, na mnunuzi aambiwe masasisho ya usalama yatatolewa hadi lini. Nywila ya pekee inaweza kuwa kibandiko chini ya kifaa, na mteja wako wa usiku angeisoma hapo bila kukuamsha.

MCHANGIAJI: Hoja ya kibandiko naikubali. Lakini sheria yako itashika mzigo mpya bandarini, wakati mimi napanda ngazi kila wiki kushusha kamera za miaka kumi ambazo mtengenezaji hatoi tena masasisho. Hizo nani atazigusa?

MTOA HOJA: Hizo sheria ya uagizaji haizifikii, na hapo nakiri hoja yangu ina pengo. Nakuuliza wewe uliye juu ya ngazi: ukikuta kamera ya namna hiyo inafanya kazi na mwenyewe hana fedha ya nyingine, je, waweza kuiacha irekodi kwenye kinasa cha ndani tu na kukata njia yake ya kutoka kwenye intaneti, au mteja hatakubali kuikosa picha kwenye simu yake?

MCHANGIAJI: Inawezekana kabisa, ni kazi ya dakika tano kwenye ruta. Kati ya wateja wangu, waliokubali ni wawili.